Kifaru Juu ya Dawati

Wapo wenzetu washikiliao kwamba wanafunzi wakiunda pamoja mifano midogo ya zana za vita, uchaguzi ni suala la ufundi tu: kifaru cha T-72, kipimo cha 1:35, gundi, rangi, basi. Sikubaliani nao. Buluk, mtaa huu wa Juba, jina lake latokana na neno la Kituruki lenye maana ya kikosi cha askari. Vita viliingia mjini humu Desemba 2013, vikarudi Julai 2016. Kwa mtoto wa hapa kifaru si kitu cha kubuni.

Je, tukikatae? La, tukichague pamoja na safari yake. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina, yenye vifaru 33 vya T-72, ikielekea Mombasa. Kenya ilidai ni vyake. Wengi walisema vyaenda Sudan Kusini. Basi, ndugu walimu, meli na bandari viundwe kwanza, kifaru kifuate. Mwanafunzi aulizaye silaha imenunuliwa na nani, kwa ajili ya nani, ameelimika. Ajuaye rangi yake tu ametumbuizwa.