Umeme wa Karakana Usiwe wa Kuunga-unga

Wilayani Ngara mto Kagera haupiti tena bure. Pale Rusumo mitambo ya megawati 80, iliyojengwa kwa ubia wa Tanzania, Rwanda na Burundi, inageuza nguvu ya maji kuwa umeme, na kila nchi ina haki ya theluthi yake. Kuufikisha umeme vijijini kumekuwa jukumu la TANESCO na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007. Hiyo ni hatua ambayo kila mpenda nchi anaifurahia.

Lakini taa ya sebuleni si mwisho wa safari. Tangu SIDO ilipoundwa mwaka 1973, shabaha ya Taifa imekuwa kueneza viwanda vidogo vidogo hadi vijijini. Kijana wa Nyakisasa anayejenga kibanda nyuma ya nyumba ya wazee wake, akaweka humo randa ya umeme au mashine ya kuchomelea vyuma, anaitekeleza shabaha hiyo. Tunampongeza.

Hata hivyo, tunasikitishwa na njia ya mkato ya kufikisha umeme kwenye vibanda kama hivyo: waya mwembamba huchomekwa kwenye soketi ya sebuleni, hupitishwa juu ya migomba, kisha huingizwa karakana kupitia ukingo wa bati.

Wafanyao hivyo hudhani wamebana matumizi. Hesabu inawakanusha. Mashine ya kilowati 5 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 22. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukivutwa meta 40, hupoteza volti zipatazo 13 njiani. Mashine hulegea, na umeme uliolipiwa huishia kuupasha waya moto. Waya wa milimita 10 za mraba hupoteza volti zisizozidi 4 kwa umbali huo huo. Baya zaidi ni lile bati: upepo ukiuchuna waya, paa zima laweza kushika umeme, na mtoto anayeligusa hana wa kumwonya.

Kwa hiyo tunasema: karakana ipewe njia yake yenyewe kutoka kwenye swichi kubwa ya nyumba, yenye kikata umeme chake. Itumike kebo yenye deraya ya chuma, ifukiwe kina ambacho jembe halifiki. Karakana iwe na swichi kubwa yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na waya wa erthi uliozamishwa ardhini. TANESCO ijulishwe kabla ya mzigo kuongezwa. Na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, si jirani mwenye bisibisi.

Tunalijua jibu: fundi huyo ni ghali, na yuko mbali. Ndipo ushirika unapotakiwa. Vijana watano wakinunua kebo kwa pamoja na kumwita fundi kwa safari moja, gharama wataigawana. Serikali za vijiji nazo ziziorodheshe karakana zote na kumtafuta mkaguzi mapema, zisingoje msiba ndipo ziitishe mkutano.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nguvu ya kijana mmoja ni hazina ya kijiji kizima. Tusiipoteze kwa waya wa kuunga-unga.