Ukimwaga oili ya giaboksi, kagua na sili

Magari mengi yanayobeba familia zetu yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japan, na mengi yana gia otomatiki. Ndiyo maana wiki hii tunaacha jiko na kliniki kidogo, tunaingia gereji.

Msomaji, ukipeleka gari kubadili oili ya giaboksi unaweza kukutana na mafundi wa aina mbili. Mmoja atakwambia sili zote zibadilishwe, na bei ikutoe jasho. Mwingine atasema hakuna haja, atapaka silikoni tu na utaondoka. Wa kwanza anaweza kukumalizia ada ya mtoto bure. Wa pili anaweza kukuacha njiani na watoto.

Kwa nini tone moja lina maana

Ndani ya gia otomatiki, oili inalainisha na inapooza. Pia ndiyo inayobeba mgandamizo unaoshikisha gia. Ikipungua, gia huanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Au unaweka D, linakaa kwanza ndipo liondoke. Hebu fikiria hilo likutokee unapokatisha barabara kuu, au ukiwa katikati ya mlima Kitonga. Tena oili inayovuja ikidondokea bomba la moshi lenye moto inaweza kuwaka.

Sili ni mpira. Joto na miaka huufanya ukakamae na kupasuka, hata kama gari halijatembea sana.

Ipi ibadilishwe, ipi iachwe

Kundi la kwanza hubadilishwa kila mara. Washa ya nati ya kumwagia oili imetengenezwa ibonyee mara moja ili izibe. Ni kitu cha bei ndogo, usikubali irudishwe ya zamani. Sampo ikifunguliwa, gasketi yake nayo iwe mpya, pamoja na ringi ya mpira ya chujio kama ipo. Zipo sampo ambazo kiwandani hufungwa kwa gundi maalumu bila gasketi. Hapo fundi apake kidogo, kwa sababu inayozidi huingia ndani na inaweza kuziba njia za oili.

Kundi la pili hubadilishwa zikivuja: sili za shafti za magurudumu na ya mkono wa gia. Ili kufikia zile za shafti, lazima shafti zichomolewe. Kama pamekauka, ziache. Lakini shafti ikichomolewa kwa kazi nyingine, ni busara kuweka sili mpya hapohapo.

Kundi la tatu ni sili ya mbele, iliyo kati ya injini na giaboksi. Hii haibadilishwi bila kushusha giaboksi nzima, hivyo si kazi ya kubadili oili tu. Ukiona unyevu hapo, usikimbilie kulipa. Sili ya nyuma ya injini nayo huvujia sehemu hiyohiyo. Oili ya gia kwa kawaida ni nyekundu, ingawa ikizeeka hugeuka kahawia. Mwombe fundi asafishe, uendeshe siku chache, kisha mwangalie tena pamoja.

Dawa za chupa za kuzuia kuvuja huufanya mpira uvimbe kidogo. Zinaweza kuchelewesha tone, lakini hazishoni sili iliyopasuka.

Hakikisha pia oili ni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota, kwa mfano, T-IV na WS si kitu kimoja, na gia za CVT zina oili yake. Iliyotoka ipimwe kwenye chombo, ili ijulikane ya kurudisha. Mwisho kiwango kikaguliwe gari likiwa kwenye joto linalotakiwa, kwa sababu oili hutanuka ikipata moto.

Usalama nyumbani

Kama kazi inafanyika uani, asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Liwekwe kwenye stendi imara, magurudumu yazuiwe. Oili ya moto ikimwagikia ngozi, ondoa nguo iliyoloa kama haijagandia, kisha mwagia maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia si tiba. Mikono ioshwe kwa sabuni, si petroli.

La muhimu zaidi: oili chafu isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Rangi yake nyekundu inafanana na juisi. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimlazimishe kunywa maziwa. Akitapika, oili inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwahishe hospitali, chukua na chupa yenyewe.

Kabla ya kulipa, omba uone washa na gasketi zilizotolewa. Usiku huo tandaza kadibodi safi chini ya gari. Asubuhi ukikuta tone jipya jekundu, rudi kwa fundi siku hiyohiyo, kabla hujawapeleka watoto shule.