Dengu za India na Ghala la Nyumbani



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanaume katika mikutano ya kijiji, ingawa mwisho wake huangukia jikoni. Nalo ni mapatano ya kuuza nafaka na mikunde kwa mataifa ya nje. Huku kwetu Nkome, mkoani Geita, habari hizo hufika karibu kila msimu. Mara Wahindi wanataka dengu, mara Wakenya wanataka mahindi. Zinapofika, wakulima hugawanyika. Wapo wanaokimbilia mbegu, na wapo wanaotikisa kichwa na kuuliza, "Na wakighairi je?" Wengi wa hao wanaouliza ni akina mama, na mara nyingi huambiwa kuwa ni waoga, hawapendi maendeleo. Sisi twaona wana sababu ya kuuliza.

Tukumbuke yaliyotokea. Mwaka 2015 nchi ya India ilipungukiwa sana na mikunde kwa ajili ya ukame, na bei huko ikapanda mno. Kwa kuwa watu wake hula mikunde kila siku, India ikageukia Afrika. Tarehe 10 Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alikuwa Dar es Salaam na Rais Magufuli, na mojawapo ya mambo waliyotangaza ni kuongeza mauzo ya mikunde kutoka Tanzania kwenda India. Habari njema hiyo ilienea upesi. Watu wa Lindi, Mtwara na Manyara wakaongeza mashamba ya mbaazi. Ndugu zetu wa Shinyanga, Kwimba na Misungwi, wenye zile mbuga za udongo mweusi, nao wakatazama dengu kwa jicho jipya.

Mwaka uliofuata India ilivuna sana. Bei ikawaangukia wakulima wao wenyewe, na serikali yao ikawalinda. Tarehe 5 Agosti 2017 ikatangaza kwamba mbaazi zitakazoingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Siku chache baadaye choroko nazo zikawekewa mpaka. Desemba mwaka huohuo dengu za kutoka nje zikatozwa ushuru wa asilimia 30. Februari 2018 ukawa asilimia 40, na Machi ukafika 60. Huku kwetu mbaazi zilizokuwa zikigombaniwa zikakosa mnunuzi, tukaambiwa basi tuzile wenyewe. Ushauri huo si mbaya kwa afya, kwa kweli mbaazi za nazi ni chakula kizuri, ila ada ya shule hailipwi kwa mbaazi.

Hatusemi haya ili kuwalaumu Wahindi. Mama wa kijijini India naye ana watoto, na serikali yake ilimtazama yeye kwanza, kama ilivyopasa. Lakini jambo moja tulishike vizuri. Msumbiji walikuwa wametia sahihi hati na India mwezi huohuo wa Julai 2016, ikitaja tani 100,000 mwaka wa kwanza hadi 200,000 mwaka wa tano, na ule mpaka wa 2017 haukugusa mapatano ya namna hiyo. Sisi tulikuwa na maneno mazuri tu. Tena hata huko Msumbiji bei ya mkulima ilianguka mwaka huohuo, kwa kuwa mkulima haiuzii India. Humwuzia mchuuzi anayesimama na mizani njiani. Hivyo basi karatasi ni bora kuliko maneno, lakini hata karatasi yafaa kuuliza inamfikia nani.

Tena tusisahau kwamba mlango hufungwa hata kutoka ndani. Juni 2017, wiki chache kabla ya tangazo la India, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi kwa kuhofia njaa. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye mwaka huohuo. Na tarehe 5 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Kenya: ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikafungua tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Juu ya sumukuvu tukae kidogo, maana hapa hatuwezi kuwalaumu majirani. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika. Mahindi yanayoanikwa juu ya udongo mtupu, au kutiwa gunia yakiwa bado na unyevu, ndiyo huipata. Mahindi yakataliwe mpakani yasikataliwe, uji wa mtoto hutoka gunia lilelile. Tuanike juu ya turubai au kichanja, tuchambue punje zilizooza, na hizo tusiwape kuku wala kupikia pombe.

Turudi kwenye mapatano. Dengu hupandwa mvua zikielekea kwisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini, na huchukua miezi mitatu hadi minne kukomaa. Tangazo la ushuru huchukua siku moja. Mei 2024 India ilifuta ushuru wa dengu, na kuanzia 1 Aprili 2025 ikaurudisha kwa asilimia 10. Aliyepanda Machi 2025 alitia mbegu ardhini chini ya sheria moja akavuna chini ya nyingine. Asilimia 10 si 60, lakini sheria ilikuwa imekwisha kubadilika.

Miaka ya karibuni mikunde imeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Mzigo hupelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, hupimwa, hunadiwa, ndipo fedha hufuata. Mfumo huo una faida yake. Angalau hauna lumbesa, na mizani ni moja kwa wote. Ila mama mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kumlipa mganga kwa stakabadhi. Ndiyo maana wengine bado huuza kwa mchuuzi usiku, kwa bei ya kutupa.

Sisi wa Geita tuna wateja ambao wengine hawana. Wachimbaji hula kila siku, na wavuvi wa mwaloni vilevile, na hakuna anayewatoza ushuru wa kuvuka bahari. Soko hilo si kubwa kama India, wala halitangazwi redioni. Lakini mama anayepeleka debe mbili za mahindi machimboni hurudi na fedha mkononi jioni hiyohiyo.

Makanisani tunapenda kumtaja Yusufu aliyejaza maghala ya Misri. Twasoma Mwanzo sura ya 41 na kufurahi. Mama mpendwa, soma na ya 47. Njaa ilipozidi, watu wa Misri walitoa kwanza fedha zao, kisha mifugo, mwishowe mashamba na nafsi zao, wapate nafaka ambayo mashamba yao yenyewe yalikuwa yameitoa. Ghala lilikuwa limejaa kweli, lakini ufunguo ulikuwa kwa Farao.

Kwa hiyo kabla baba watoto hajamwahidi mnunuzi lolote, kaeni wawili mhesabu. Nyumba ya watu saba inayosonga ugali wa mahindi kila siku, kwa hesabu yetu, humaliza debe moja kwa wiki. Hizo ni debe 52 kwa mwaka, karibu gunia tisa. Ondoa wiki za udaga, ondoa asubuhi za michembe na matobolwa, ongeza wageni na msiba. Kinachobaki ndicho cha kuuza, kiwe cha Nairobi, cha India au cha machimboni. Shamba la dengu nalo lisimeze shamba la mahindi na mihogo.

Na mkutano wa kijiji ukiitwa, nendeni mkakae mbele, si nyuma na watoto. Ulizeni: mapatano yameandikwa au yametamkwa? Yanataja kilo na bei, au kununua tu? Fedha zitalipwa baada ya siku ngapi? Na wao wakivuna vizuri mwaka ujao, mzigo wetu utakuwa wa nani? Afisa kilimo akisema majibu atayaleta siku nyingine, mwandikeni siku hiyo aitaje, na mbegu zikae ndani mpaka arudi.