Nilimpa kwa sababu ya karatasi yako

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ofisi yako sitaitaja jina. Wewe unaijua, mimi ninaijua, na karatasi yenye mhuri wake ninayo kabatini. Nimekwisha kukuandikia mara mbili kwa njia ya kawaida, nikifuata ngazi kama ninavyotakiwa, na sikupata jibu. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Nitajitahidi kutunza adabu, ila naomba uniwie radhi pale itakaponishinda.

Mimi ni mama muuza mtindi hapa Muheza, mwaka wa 9 sasa. Kila alfajiri nachukua lita 40 kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nachemsha, napoza, natia kimea, yaani mtindi wa jana, nafunika. Kesho yake yameganda. Mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, nilifunua ndoo nikakuta maziwa ni majimaji vilevile kama nilivyoyaacha. Nikachukua mengine, nikatia kimea nilichoomba kwa jirani ambaye mtindi wake ulikuwa mzuri. Jumanne nikafunua: bado. Mtu wa kazi hii haambiwi maana yake. Mtindi hugandishwa na vijidudu, na maziwa yakikataa kuganda mara mbili kwa vimea viwili tofauti, kuna kitu humo ndani kinachoviua. Kitu hicho mara nyingi ni dawa. Ng'ombe amechomwa sindano, au amewekewa dawa kwenye chuchu kwa sababu ya ugonjwa wa kiwele, na maziwa yake yamepelekwa kituoni kabla dawa haijamtoka mwilini.

Hasara ya lita 80 naiacha. Oda ya harusi niliyoikosa naiacha. Kama ingekuwa ni hayo tu, nisingekusumbua.

Nina binti wa miaka 7. Mwili wake haukubali penisilini. Tulijua akiwa na miaka 3, kwa sindano moja iliyotaka kumuua, na tangu siku hiyo jalada la kadi yake ya kliniki limeandikwa kwa wino mwekundu. Mwalimu wake anajua. Bibi yake, asiyejua kusoma, anajua. Kwa hiyo maziwa yalipokataa kuganda, jambo la kwanza nililofanya ni kumzuia mwanangu asinywe maziwa. La pili, nilijaza chupa safi, nikaizungushia barafu, nikapanda basi nikaileta ofisini kwako. Nilimweleza kijana wa mapokezi kwa kinywa changu, tena nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: NAOMBA YAPIMWE KAMA YANA DAWA. Nikalipa. Risiti ninayo.

Siku 19 baadaye karatasi ikatoka. Mafuta, asilimia 3.8. Uzito, 1.030. Maji ya kuongezwa, hakuna. Na chini, juu ya mhuri: yanafaa kwa matumizi ya binadamu.

Nilifurahi, Mheshimiwa. Niliona haya hata kwa yule mzee anayeleta maziwa kituoni, ambaye nilikuwa nimemdhania vibaya. Jioni ile nikachemsha maziwa ya kituo kilekile, yakafura mara tatu, nikampa binti yangu kikombe kizima, kwa kuwa kwa siku zote 19 alikuwa akiniuliza amekosa nini hata ananyimwa maziwa. Nilimpa kwa sababu ya karatasi yako.

Haikufika nusu saa. Midomo ilianza kuvimba, mwili ukatoka mabaka, kisha akaanza kuhema kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Nilimbeba kwenye bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati, nikihesabu pumzi zake kwa kiganja. Hospitali walimchoma adrenalini mara mbili. Daktari aliniuliza mtoto amemeza dawa gani. Nikamjibu hakumeza dawa, amekunywa maziwa. Akarudia swali, akidhani sijamsikia.

Alilala na oksijeni usiku huo na uliofuata.

Yale maziwa yaliyobaki kwenye jagi niliyahifadhi, na mdogo wangu akayapeleka kwenye maabara ya chuo, mkoa mwingine. Huko wana kipimo ambacho nilielezwa nikakielewa, mimi niliyeishia darasa la saba. Ni kichupa chenye utomvu mzito wa zambarau, ndani yake wamo vijidudu vinavyopenda joto. Unatia matone ya maziwa, unakiweka kwenye joto la nyuzi 64, unasubiri kama saa tatu. Maziwa yakiwa safi, vijidudu vinakua na rangi inageuka manjano. Yakiwa na dawa, vijidudu havikui na rangi inabaki zambarau. Kichupa chetu kilibaki zambarau. Ni kazi ileile ya ndoo yangu, tofauti ni kwamba wao wameifanya ya kisayansi. Wakamwonyesha mdogo wangu na vijiti vya kuchovya, vinavyotoa jibu kwa dakika chache palepale maziwa yanapopokelewa. Wewe unavijua kuliko mimi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Karatasi yako haina namba ya uongo. Naamini mafuta yalikuwa 3.8. Naamini hayakuongezwa maji. Nilikuuliza habari ya dawa, ukanijibu habari ya maji, kisha ukaweka hitimisho kana kwamba umenijibu. Hakuna mstari uliosema: dawa hatukupima. Kama ungekuwapo, hata kwa herufi ndogo, binti yangu asingekinywa kikombe kile. Nilimpa kwa sababu ya karatasi yako.

Kwa kiwango cha Codex, ile tume ya FAO na Shirika la Afya Duniani, penisilini kwenye maziwa haitakiwi kuzidi mikrogramu 4 kwa kilo. Kiasi hicho hakina ladha wala harufu, laktomita, yaani kile kipimo cha uzito wa maziwa, haikioni, na kuchemsha hakukiondoi. Laktomita ilitengenezwa kumkamata anayetia maji ili auze lita nyingi. Kituo kinayo, na mnaikagua kila mwaka. Maana yake mmejipanga kumlinda anayenunua asiibiwe, na anayekunywa mmemwacha ajilinde mwenyewe. Nami nilijaribu kujilinda, nikaja kwako, na nilimpa kwa sababu ya karatasi yako.

Najua mtasema tatizo ni mfugaji. Nilikwenda kwa yule mzee. Ana ng'ombe mmoja wa kisasa, anakamua lita 12. Kiwele kilivimba, akanunua dawa dukani, akaitia mwenyewe. Boksi la dawa alinionyesha: siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa zimeandikwa, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani anazitafuta. Hakuna aliyemwambia. Na hata angeambiwa, angemwaga lita 12 kila siku huku watoto wake wakimtazama, wakati kituoni hakuna anayepima? Simtetei. Nasema kwamba mzee yule alikosea kwa kutojua, na ofisi yako ilikuwa na fomu yangu mkononi.

Mtasema pia bajeti haitoshi na vitendanishi vimekwisha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, nchi zote tatu za ziwa zilihangaika usiku na mchana, ukaguzi ukanyooshwa, na leo Nyegezi, Mwanza, kuna maabara ya samaki. Fedha ilipatikana kwa sababu mlaji wa Ulaya alikataa. Mwaka 2016 watu 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe, mahindi waliyolima na kuyahifadhi kwa mikono yao, na ilibidi watu waanze kugeuka macho ya njano ndipo nafaka ipimwe. Mahindi ya kwenda nje hupimwa kabla ya kuvuka mpaka. Ya kwetu hupimwa baada ya mazishi. Hapo sikuandikii wewe peke yako, namwandikia kila mwenye mamlaka juu ya chakula cha nchi hii: tumbo la Mtanzania limefanywa kuwa ndiyo maabara.

Sijagusa usugu wa dawa, ingawa daktari wa zamu alinieleza kwamba dawa hizi tunazokunywa kidogo kidogo ndizo zitakazokataa kututibu kesho. Hilo wataliandika wenye elimu yake.

Ninachokuomba si kikubwa. Weka vile vijiti kwenye kila kituo cha kukusanyia maziwa, wavitumie kila asubuhi kabla madumu hayajachanganywa, kwa kuwa dumu la ng'ombe mmoja aliyetibiwa linaharibu tangi zima. Waagize wenye maduka ya dawa za mifugo wamtamkie mfugaji siku za kusubiri kwa Kiswahili na kumwandikia kwenye boksi. Na kabla ya hayo yote, jambo ambalo halihitaji bajeti wala kibali cha yeyote: kwenye kila karatasi inayotoka ofisini kwako, andikeni mlichopima, na chini yake andikeni ambacho hamkupima. Neno "yanafaa" liondoeni mpaka mtakapokuwa na haki ya kulisema.

Binti yangu ni mzima, namshukuru Mungu. Maziwa hanywi tena. Nikimimina hata chai ya maziwa anatoka jikoni anakwenda kukaa kwa bibi yake, na juzi aliniuliza kama siku ile nilikuwa najua. Nilimwambia sikujua. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeuliza.

Wiki hii maziwa yamekataa kuganda tena. Chupa nimeijaza, iko kwenye friji ya jirani, na Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Kwenye fomu nitaandika maneno yaleyale ya mwezi wa tatu. Naomba safari hii yasomwe.

Ni mimi,
Mama muuza mtindi, Muheza