NANI ANALIPA KUPIMA VUMBI LETU?

Ndugu wafanyakazi, ninyi wa Kolwezi, wa Likasi na wa Lubumbashi, vumbi la migodi mnalijua. Linaingia katika nyumba, katika unga, katika vifua vya watoto. Lakini ndani ya vumbi hilo kuna nini, na linafanya nini mwilini? Hapo macho hayatoshi. Inatakiwa laboratwari, na laboratwari inakula feza.

Waganga wa Universite ya Lubumbashi waliifanya kazi hiyo pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Mwaka 2009 walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti katika mkojo kupita kiasi chote kilichokuwa kimeandikwa juu ya watu wa kawaida popote. Mwaka 2018 walitangaza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto ndio walioonekana nayo nyingi zaidi. Na mwaka 2020 waliandika neno zito kuliko yote: baba akifanya kazi ya mgodi, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inaongezeka.

Feza ya kupima hayo ilitoka wapi? Zaidi Ubelgiji. Waliotoa tunawashukuru. Lakini tunauliza Leta: mwaka 2018 uliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya kobalti, tena sheria ya mwaka ule ikatenga sehemu ya ushuru wa migodi kwa vizazi vijavyo. Watoto wa Kasulo si ndio vizazi hivyo? Mbona mkojo wao unapimwa kwa mfuko wa mgeni? Mgeni akichoka kesho, au akipenda kupima jambo lingine, kazi inakatika.

Jambo moja linatutia mashaka. Leta nao una mali katika migodi: Gécamines ni yake, na Gécamines ina hisa katika kampani nyingi. Anayetoa feza anaweza pia kuamuru nini kisiandikwe. Kwa hiyo hatuombi zawadi ya waziri, ambayo akikasirika anairudisha mfukoni. Tunataka fungu la ushuru litengwe kwa sheria, lifike universite bila kupita mikono kumi, na matokeo yasomwe kwa Swahili katika kambi na mitaa kabla hayajafungiwa katika makabati ya Kinshasa.