Kitembe na Meno Yasiyokutana: Tiba ya Ulimi Unaosukuma

Kila mwanadamu huanza maisha akimeza kwa kusukuma ulimi mbele. Mtoto mchanga anaponyonya, ulimi wake hutangulia hadi juu ya ufizi wa chini, nao humsaidia kulishika titi na kuvuta maziwa. Meno yanapoota na chakula kigumu kinapoanza, ulimi hujifunza kazi mpya. Ncha yake hupanda na kukaa kwenye ufizi ulio nyuma ya meno ya juu ya mbele, na chakula hupelekwa kooni. Kwa watoto wengi, mageuzi hayo hukamilika kabla au karibu na umri wa miaka 6. Wapo, hata hivyo, ambao ulimi wao hubaki na desturi ya uchanga. Kila wanapomeza, hupenya kati ya meno ya juu na ya chini, na hata wanapotulia hukaa papo hapo.

Wazazi huligundua jambo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni meno. Mtoto akiuma, magego hukutana lakini meno ya mbele huacha upenyo, hata hawezi kukata mkate kwa meno hayo bila kuuvuta kwa mkono. Ya pili ni matamshi. Mtoto huwa na kitembe: akitaka kusema "samani" husikika "thamani", na "zana" husikika "dhana". Tutofautishe hapa na yule anayesema "samani" akikusudia "thamani". Huyo amezoea lugha ya nyumbani kwao tu, wala ulimi wake hauna kasoro.

Madrasa ndipo kitembe hudhihirika zaidi. Thaa, dhaal na dhaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa kingo za meno ya juu ya mbele, ilhali siin, zaay na swaad huhitaji ulimi ubaki ndani. Mtoto ambaye ulimi wake hutoka kila mara huichanganya siin na thaa, na neno "ism", yaani jina, likawa "ithm", yaani dhambi. Mwalimu huweza kudhani ni uzembe au ukaidi, akamrudi. Lakini fimbo na kicheko cha wenzake havimfundishi ulimi mahali pa kukaa. Humfundisha kunyamaza tu.

Tiba yenye manufaa huanza kwa kuuliza: kwa nini ulimi huu unakaa mbele? Sababu kubwa ni tatu, na kila moja ina mlango wake.

Sababu ya kwanza ni kunyonya kidole au chuchu bandia kwa miaka mingi. Kidole hufungua upenyo kati ya meno, kisha ulimi hujaza nafasi hiyo. Watoto wengi huacha wenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Akiacha kabla meno ya kudumu ya mbele hayajaota, ambayo huota karibu na miaka 6 au 7, mara nyingi upenyo hujifunga bila kifaa chochote. Kupaka kidole pilipili au kumwaibisha mbele ya wageni huongeza hofu, na mtoto mwenye hofu hukitafuta kidole zaidi. Sifa kwa kila usiku aliofaulu, na soksi laini mkononi wakati wa kulala kwa ridhaa yake, hufaa zaidi.

Sababu ya pili ni pua iliyoziba. Mtoto mwenye nyama za pua, mafindofindo makubwa au mzio hupumua kwa mdomo, na ili hewa ipite ni lazima ulimi ushuke na usogee mbele. Akiwa anakoroma na kulala kinywa wazi, apelekwe kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kumwambia "funga mdomo" mtoto ambaye pua yake haipitishi hewa ni kumtaka asilolimudu. Jambo hili lisichanganywe na mila ya kukata kimio. Kimio hakihusiki na ulimi kusukuma meno, na kukikata mitaani huleta damu nyingi na maambukizi.

Sababu ya tatu ni utando mfupi chini ya ulimi, unaouzuia kupanda hadi kwenye kaakaa. Daktari akithibitisha hivyo, utando huweza kuachiwa kwa upasuaji mdogo, kisha mazoezi yafuate.

Mlango ukishafunguliwa, huja kazi ya kuufundisha ulimi upya. Mwambie mtoto atamke "na", kisha asite mwanzoni mwa sauti hiyo. Pale ncha ya ulimi ilipogusa ndipo makao yake. Mbele ya kioo, aweke ncha hapo, aumanishe magego, ameze funda dogo la maji bila kukaza midomo wala kugusa meno ya mbele. Akizoea maji, ahamie kwenye chakula. Hatua ngumu ni ya mwisho: ulimi ukae hapo wenyewe anaposoma, anapocheza na anapolala. Kazi hii huchukua miezi, na hufaa iongozwe na mtaalamu wa tiba ya matamshi au daktari wa meno.

Kwa nini makao yawe muhimu kuliko kumeza? Mwaka 1978, William Proffit, bingwa wa kupanga meno wa Marekani, alieleza kwamba meno husogezwa zaidi na nguvu ndogo inayodumu kuliko nguvu kubwa ya kitambo. Kumeza huchukua sekunde chache tu, lakini ulimi uliotulia mbele hukaa hapo kwa saa nyingi, mchana na usiku.

Hii ndiyo hoja ya kupimwa kabla ya kulipia vyuma vya meno, ambavyo gharama yake si ndogo kwa familia. Vyuma huweza kufunga upenyo, lakini vikitolewa na ulimi ukawa bado na makao yake ya zamani, upenyo huelekea kurudi. Kipo pia kifaa chenye vijichuma kinachowekwa nyuma ya meno ya juu ili kuuzuia ulimi na kidole. Huvaliwa kwa miezi kadhaa, na siku za mwanzo huathiri ulaji na usemi, kwa hiyo mtoto aelezwe kwamba ni ukumbusho, si adhabu. Kwa mtu mzima tiba bado inawezekana, ila taya lililokwisha kukua huweza kuhitaji upasuaji.

Mzazi anapofika kwa daktari, aulize maswali matatu: pua ya mtoto inapitisha hewa vizuri? Ulimi unafika kwenye kaakaa? Nani ataufundisha kabla na baada ya vyuma? Naye mwalimu wa madrasa aelezwe hali ya mtoto mapema, ili ampe muda wa kurudia herufi zake bila kuchekwa, wakati tiba ikiendelea.