Koti Linabana, Fundi Anasema Njoo Ijumaa

Kahawa ikishauzwa na maharage yakiwa ndani, kadi za michango huanza kutufuata hadi shambani, na siku hizi kila kamati ya harusi inataka wanaume wavae suti. Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Simama nje ya ukumbi wowote, Ngara mjini, Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Biharamulo mjini, utaona wanaume wazima wanatembea mikono imetengana na mbavu. Hawathubutu kuinua glasi. Wakiitwa kwenda kutunza maharusi, wanacheza kuanzia kiunoni kwenda chini tu, juu wameganda. Makoti yanatubana. Tumewaambia mafundi, tumewaambia wauzaji, nyumbani wamechoka kutusikia.

Kuna wanaodai tumenenepa. Wengine ni kweli, hatukatai, ndizi za Ngara hazijawahi kumkondesha mtu. Lakini hata vijana wembamba wanaoendesha bodaboda pale Benako wanalia hivyohivyo, kwa hiyo kitambi kisisingiziwe peke yake.

Makoti yenyewe tunayapata mnadani, kwenye mitumba. Kule hakuna kioo wala chumba cha kujaribia. Unavaa juu ya fulana yako, muuzaji anakushika mabega kwa nyuma, anavuta kitambaa kidogo ili mbele paonekane pametulia, kisha anawauliza watu wanaopita, "Jamani, halijamkaa huyu?" Wote wanaitikia limemkaa, maana si wao watakaolivaa. Lebo ya ndani nayo inapoteza watu, kwa sababu kila nchi imeandika kwa hesabu yake. Koti la Ujerumani au Italia lenye namba 50 limekatwa kwa kifua cha sentimita 100; wao huandika nusu ya kifua. Kwa Waingereza na Wamarekani kifua hichohicho ni 40, kwa inchi. Wakorea wanaandika 100 waziwazi. Sasa mtu wetu mwenye kifua cha sentimita 108 anakuta makoti mawili pembeni kwa pembeni, moja 44 la Kiingereza na jingine 50 la Kijerumani. Anachukua 50, anajisifu kwamba amechukua kubwa. Lile 44 ndilo lingemtosha.

Juu ya hayo kuna mtindo. Belo likifunguliwa leo, kinachotoka ni kile ambacho Wazungu walikivaa miaka kadhaa nyuma na kukichoka, na miaka ile walikuwa wanapenda makoti mafupi yenye mabega membamba na kiuno kilichobanwa. Kwa hiyo mtu wa Lusahunga anabanwa na mtindo ambao wenyewe wameshauacha.

Basi unapeleka kwa fundi. Unasema, "Fundi, nipanulie hapa mbavuni, na kwapani papumue." Fundi anashika koti, anapapasa, anasema "hakuna shida," anataja bei, anachukua nusu. Alipaswa kuanza kwa kuligeuza ndani nje. Koti haliwezi kupanuliwa kwa maneno matamu wala kwa pasi. Linapanuliwa kwa kitambaa kilichokunjwa ndani ya mishono, na kama hakipo, hakipo. Koti la fundi makini, au la viwanda vya zamani, mara nyingi limeachiwa akiba ya sentimita mbili hadi tatu kwenye mshono wa katikati ya mgongo na ile ya mbavuni. La kiwanda cha bei rahisi limeachiwa sentimita moja hivi, kwa sababu sentimita inayookolewa kwenye kila koti, yakiwa makoti maelfu, ni majora mengi ya kitambaa. Ukipapasa bitana karibu na mshono utaisikia hiyo akiba kwa vidole. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine, na ingetuokolea nauli ya kwenda na kurudi.

Mabega ndiyo yasiyosamehe kabisa. Hata koti lenye akiba ya kutosha mgongoni, bega likiwa dogo limekwisha, maana pale kuna sponji, kitambaa kigumu cha ndani na mkono wenyewe umeshonewa hapo. Kulifumua bega ni sawa na kushona koti upya. Lakini tulivyo wabishi, tukiona bega linauma tunamwambia fundi akate kwapa, atanue tundu la mkono. Naye anakata, mteja ni mfalme. Matokeo yake tunayajua wote: tundu likishuka chini, ukiinua mkono kumpungia bibi harusi koti zima linapanda nalo mpaka kola inakugusa masikio. Tundu lililo juu, karibu na kwapa, ndilo linalouachia mkono. Mzee mmoja wa cherehani pale Biharamulo amelieleza hili kwa kila anayefika kibandani kwake, na wateja wake wengi wameishia kuhamia kwa fundi asiyeeleza.

Lakini kero yetu kubwa ni ya mkasi. Mwanzo koti lilikuwa pana, tukalipeleka libanwe kwa sababu ujana ulitaka hivyo. Fundi angeweza kuukunja ule mzidi, akaupiga pasi, akaufunika kwa bitana, ukakaa humo ukisubiri siku mwili utakapobadilika. Badala yake aliukata, vipande vikawa vya kufutia mafuta ya cherehani. Baada ya mavuno kadhaa na mtoto wa pili tunarudi kwa fundi yuleyule, anaangalia ndani, anatikisa kichwa: "Mzee, aliyekushonea hili alikuharibia." Tunamtazama tu.

Akina mama wana yao, na hatutaki wasahaulike kama kawaida. Walimu na wanakwaya wanaovaa makoti ya sketi wanabanwa kifuani, kifungo cha kati kinavuta kitambaa mpaka mikunjo inasambaa kama miale. Dawa ya fundi ni kusogeza kifungo. Kifungo kinasogea kidogo tu, kikizidi hapo ukingo wa mbele unakwenda upande, na tundu la kifungo halisogei. Kuna mafundi wanaojua kufumua mshono wa mbavuni na kuingiza kipande cha kitenge kuanzia kwapani hadi pindoni, pande zote mbili, kisha wanarudia kitenge hichohicho kwenye mifuko ili ionekane ilipangwa. Hiyo ni kazi nzuri kweli, na ndiyo pekee inayoliokoa koti lisilo na akiba. Wanaume tumeanza kuiiga kimyakimya, ingawa kamati nyingine zinagoma kwamba inaharibu sare.

Ukisema akiba ikifumuliwa nguo haipendezi, hilo nalo ni kweli. Ule mstari wa mshono wa zamani haufutiki upesi, na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani kina rangi yake ya awali wakati cha nje kimeshapigwa jua la miaka. Koti jeusi linatoka na ukanda mweusi zaidi mgongoni. Sisi tungelivaa hivyohivyo, tukikaa kwenye kiti nani anaona mgongo?

Wazee wanatucheka. Wanakumbuka Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ikaanza Januari 1, 1969. Makali yake yalikuwa zaidi Dar es Salaam, lakini habari zilifika hadi huku. Wakati ule watu walikatazwa kubanwa na wakawa wanabisha. Leo tunaomba kuachiwa kwa hiari yetu, tena kwa kulipa, na hakuna wa kutuachia. Wazee wao wanavaa kaunda suti. Ilikatwa na fundi kutoka kwenye jora, kwa kipimo cha mwenyewe, mkono mfupi, kifua kina nafasi, na wengine wanayo ileile tangu kustaafu.

Tukitazama ng'ambo ya Mto Kagera pale Rusumo tunajikuta hatuna hata haki ya kulalamika sana. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuondokana na mitumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Marekani ilikasirika, na mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuingiza nguo kwake bila ushuru. Upande wetu belo liliendelea kufunguliwa. Kwa hiyo makoti tunayo tele, tatizo ni kuingia ndani yake.

Tuwe wa haki kwa mafundi pia. Kulifumua koti lenye bitana, kuachia mishono, kulipiga pasi ya mkaa bila kuliunguza na kulifunga tena ni kazi ya nusu siku au zaidi, nasi tunataka kulipa kama tunakunjiwa pindo la suruali. Koti tumelinunua kwa bei ya kutupa, hivyo tunaona tusi kumlipa fundi zaidi ya hapo. Kwa muda huohuo angeshona sare za shule na kulipwa papo hapo. Na cherehani alijifunzia benchini kwa fundi mwingine aliyejua magauni na sare. Koti hakufundishwa na mtu, amelijulia kwenye makoti yetu. Wenye uwezo wanatuma makoti yao Kahama au Mwanza kwa basi, yanarudi yamepanuka vizuri ila yamekunjamana, kwa kuwa kuanzia Nyakanazi kuna abiria aliyeyalalia.

Tunachodai hakihitaji mkutano wa hadhara. Fundi, ligeuze koti mbele yetu kabla hujapokea hela. Kama akiba haipo, sema haipo, tutauziana wenyewe kwa wenyewe, kuna mwembamba wake mahali. Ukilibana, kunja, usikate. Na hilo neno la Ijumaa tulizungumze vizuri. Mazungumzo yetu nawe tunayajua kwa moyo:

"Fundi, shikamoo, koti langu vipi?"

"Marahaba. Limebaki vifungo tu, mjomba. Njoo Ijumaa."

Ijumaa umeme ulikatika. Ijumaa iliyofuata ulikwenda kwenye msiba, pole sana, lakini funguo za kibanda ulikwenda nazo. Harusi ni Jumamosi hii, Rulenge. Makoti ya kamati nzima yapo kwako, bitana ziko nje, na simu yako inaita bila kupokelewa. Atakayekutana na fundi njiani amwambie tutayachukua yalivyo, hata bila vifungo, na hela tuliyotanguliza tutaongea Jumatatu.